Waandishi wa komedi, msitupe miwani tu, tupeni na kazi ya programa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na naomba usinikate sana maana hili jambo nimelibeba muda mrefu. Kila ikitajwa komedi ya kwenye tv inayohusu watu wa kompyuta nasikia maneno yale yale, kwamba hawa watu hawana mvuto, wamekaa tu mbele ya skrini, kusalimia hawajui, kutongoza hawajui, wakifungua mdomo wanaongea vitu ambavyo hakuna anayevielewa, sasa mtu kama huyo utamcheka nini zaidi ya miwani yake na shati alilofunga vifungo mpaka shingoni. Mimi sikubaliani kabisa. Programa, yaani mtu anayeandika programu za kompyuta, mwenye aibu, asiyejua kukaa na watu, ni mmoja wa wahusika watamu sana ambao komedi imewahi kupata, ila kwa sharti moja, aliyemwandika awe anajua huyo mtu anapenda nini na kwa nini anakipenda. Sharti hilo likikosekana unabaki na kikatuni cha mtu, na kikatuni ukishakicheka mara mbili kimeisha.

Nianze na komedi ya Silicon Valley ya HBO, kituo cha tv cha Marekani, maana hiyo ndio ushahidi wangu mkubwa. Ilianza Aprili 2014 ikaisha Desemba 2019, sizoni 6, episodi 53. Walioibuni ni Mike Judge, John Altschuler na Dave Krinsky, na huyo Judge si mtu aliyesikia tu habari za maprograma, alisoma fizikia chuo kikuu cha California pale San Diego na miaka ya 80 aliajiriwa kama injinia kwenye kampuni huko huko Silicon Valley, yale maeneo ya California yenye makampuni ya kompyuta, hakumaliza hata miezi mitatu akaacha. Muda mfupi, lakini ukiangalia kazi yake unaona alitoka na vitu vingi, namna wanavyokaa, namna wanavyokwepa kuangaliana, namna mtu anavyoweza kubishana saa nzima kuhusu kitu kidogo halafu akashindwa kusema asante.

Mhusika mkuu ni Richard Hendricks, kacheza Thomas Middleditch. Kijana mwembamba, anababaika, sentensi anaanza hamalizi, presha ikimpanda anatapika. Yaani ukimwelezea kwa maneno ni yule yule ambaye watu wanasema hana mvuto. Lakini angalia walivyomfungulia stori. Ametengeneza programu ya muziki ambayo hakuna anayeitaka, wenzake wanaicheka, kumbe ndani yake kuna njia ya kubana mafaili, yaani kuyapunguza ukubwa, ambayo haijawahi kuonekana, na siku hiyo hiyo bosi wa kampuni kubwa ya Hooli, Gavin Belson, anampandishia dau mpaka dola milioni 10 amuuzie kila kitu, na tajiri mwingine, Peter Gregory, anampa dola 200,000 tu kwa asilimia 5 ili abaki na kampuni yake mwenyewe aijenge. Achague. Sasa niambie hapo unahitaji kujua kompyuta ili moyo uende mbio? Hata mama anayeuza vitumbua anaelewa maana ya kuuza leo kwa hela nyingi au kushikilia kilicho chako bila kujua kesho itakuwaje. Kutapika kwa Richard hapo hakuchekeshi kwa sababu ni mdhaifu, kunachekesha kwa sababu na sisi tumbo limeshatuvuruga.

Kuna episodi moja ya sizoni ya 3, mwaka 2016, ambayo ningependa kila mwandishi wa komedi wa kwetu aitazame akiwa na kalamu mkononi. Richard amepata mpenzi, binti anaitwa Winnie, naye ni programa anafanya kazi Facebook. Kwa mara ya kwanza unamuona huyu jamaa ametulia na mwanamke, wanaelewana, wanacheka, mtazamaji unaomba Mungu asiharibu. Halafu binti anakaa kwenye kompyuta kuandika, na Richard anasikia mlio, ta ta ta ta, ule mlio wa kitufe kirefu cha kuacha nafasi. Kumbe dada akitaka kuusogeza mstari ndani anabonyeza nafasi moja moja, wakati Richard anabonyeza kitufe cha Tab mara moja basi. Uso wa Richard unabadilika. Anajikaza, anajaribu kunyamaza, anashindwa. Wanaachana kwa sababu hiyo, na akitoka hapo kwa hasira anataka kuonyesha hoja yake kwa kuruka ngazi kadhaa kwa mpigo, anaporomoka mpaka chini.

Mtu asiyejua atasema huo ni ujinga mtupu, nani anaachana na mchumba kwa ajili ya kitufe. Lakini hebu fikiria kidogo, huyu ni mtu ambaye maisha yake yote ameyaweka kwenye kubana mafaili, yaani kitu kinachochukua herufi nane anataka kichukue moja, sasa anapendana na mtu anayeweka herufi nane palipotosha moja, anaona kama anaishi na mtu anayemwaga maji nyumba yenye shida ya maji. Ubishi huo ni wa kweli kabisa, maprograma wa dunia nzima wanao miaka na miaka, na nakumbuka baada ya episodi ile kutoka walianza kulalamika kwamba hakuna anayebonyeza nafasi moja moja siku hizi maana programu za kuandikia zinakuwekea zenyewe. Mimi nilifurahi sana kusikia malalamiko hayo. Watu wakibishana na mhusika kwa undani namna hiyo ujue yuko hai. Hakuna anayebishana na kikatuni.

Na walijali mpaka hesabu. Walihitaji kipimo cha kuonyesha nani kabana faili vizuri kuliko mwenzake, wakamfuata profesa Tsachy Weissman wa Stanford na mwanafunzi wake Vinith Misra, wakawatengenezea kipimo ambacho kwenye stori kinaitwa alama ya Weissman. Mwisho wa sizoni ya kwanza, kwenye mashindano, Hooli wanapanda jukwaani wanapata 2.89, sawa sawa na Richard. Kila kitu kimeisha. Usiku wake wamekaa hotelini wenzake wanapiga stori za kihuni ambazo siwezi kuziandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto, wanachora mpaka kwenye ubao, wanapiga hesabu za upuuzi kwa umakini kama wanajenga daraja, na katikati ya kelele zote hizo Richard ananyamaza. Macho yanabaki sehemu moja. Amepata wazo. Anaingia chumbani anakesha, anafuta karibu kila alichokuwa ameandika, kesho yake kwenye jukwaa lile lile, na kubabaika kwake kule kule, inasoma 5.2.

Pale kwenye kunyamaza ndipo mhusika alipo. Mhariri, wengi tunadhani mtu asiyeongea hana kinachotokea ndani yake, na mwandishi mvivu naye anadhani hivyo hivyo, anampa kimya halafu anaweka watu wa pembeni wamcheke. Hawa waliweka kazi ndani ya kile kimya, kwa hiyo alipokaa kimya sisi nyumbani tukasogea mbele kwenye kochi.

Nisingetaka kumharibia mtu ambaye hajamaliza, lakini ni miaka imepita acha niseme. Mwisho kabisa wa stori, sizoni ya 6, wanagundua mtambo walioutengeneza umekuwa na akili kiasi kwamba unaweza kuvunja ulinzi wa siri za watu wote duniani, na njia pekee ya kuuzuia ni wao wenyewe waufelishe hadharani siku ya uzinduzi, dunia iwaone wajinga, iwacheke. Wanafanya hivyo. Simu zinaanza kutoa mlio unaovuta panya. Richard, mtu ambaye sizoni zote 6 kitu alichokiogopa kuliko kifo ni aibu mbele za watu, anaichagua aibu kwa mikono yake ili kulinda watu ambao hawatajua kamwe. Huwezi kumwandikia mwisho kama huo mtu mchangamfu mwenye maneno mengi, usingekuwa na uzito. Umepata uzito kwa sababu ni yeye.

Na sijamgusa Jared, mwenzake Richard kwenye kampuni, kacheza Zach Woods, ambaye jina lake halisi ni Donald ila Gavin Belson wa Hooli alimuita Jared siku ya kwanza kazini na yeye kwa upole wake hakumsahihisha, basi ikawa jina. Sijamgusa Dinesh na Gilfoyle, maprograma wa Richard, wanaokaa meza moja kutwa nzima wanatukanana, na usipokuwa makini hutajua kwamba hakuna hata mmoja wao ana rafiki mwingine. Kumail Nanjiani anayecheza Dinesh alisoma sayansi ya kompyuta chuo cha Grinnell kabla ya kuingia kwenye uchekeshaji, na inaonekana, anavyokaa kwenye kibodi si kama waigizaji wengine wanaopiga vidole ovyo kama wanapiga ngoma.

Sasa twende Uingereza. The IT Crowd ya Channel 4, ilianza 2006, sizoni nne mpaka 2010 halafu episodi moja ya kuagia 2013. Hawa kusema ukweli si maprograma wa kuandika programu kutwa, ni mafundi wa kompyuta (IT) wa kampuni, wamewekwa chini kabisa ya jengo kwenye uchafu wakati wenzao juu wanakaa kwenye vioo, na kazi yao ni kupokea simu na kuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha tena. Lakini tabia ni ile ile. Roy kacheza Chris O'Dowd, Moss kacheza Richard Ayoade, na bosi wao Jen, kacheza Katherine Parkinson, hajui kompyuta hata kidogo.

Moss ndiye ninayempenda. Kuna siku moto umewaka ofisini, unawaka kweli. Mtu mwingine angepiga kelele. Moss anakaa anawaandikia zimamoto barua pepe. Anaanza kwa heshima zote, bwana au bibi, naandika kuwataarifu kuhusu moto uliotokea kwenye majengo ya, halafu anasimama, anaona hapana hii imekuwa rasmi sana, anafuta anaanza upya, na moto uko pale pale nyuma yake unaendelea. Anamalizia kwa kusema anategemea kupata majibu yao. Kinachonifurahisha pale ni kwamba Moss hajioni mjinga, na waliomwandika hawamuoni mjinga, ana utaratibu wake kichwani na anaufuata mpaka mwisho, dunia ndio imekataa kufuata. Haoni aibu hata nusu. Richard anateseka kwa kutojua kukaa na watu, Moss hateseki hata kidogo, na wote wawili wanachekesha, ndio maana nasema tatizo halijawahi kuwa aina ya mtu.

Ayoade baba yake ni Mnigeria na mama yake Mnorwei, na mimi kama Mwafrika ninayetazama kutoka huku niliona raha yangu ya pembeni, kumuona kijana mweusi kwenye komedi kubwa ya Uingereza akiwa ndiye mtaalamu, mpole, anayeishi na mama yake, mwenye nywele zilizochanwa upande, badala ya kuletwa kwa mambo yale mengine ambayo tumezoea kuletewa. Mwaka 2014 alipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya mwigizaji wa kiume wa komedi kwa nafasi hiyo, na Parkinson akapata ya kike. Wamarekani walijaribu kuitengeneza upya kwao mwaka 2007, wakamchukua mpaka Ayoade mwenyewe aigize Moss tena, ikaishia kwenye episodi ya majaribio haikuendelea. Nguo, miwani, mpaka mtu mwenyewe walikuwa nao. Haikutosha.

Halafu ile ya intaneti ndani ya boksi. Jen amekuwa mfanyakazi bora wa mwezi, anatakiwa atoe hotuba, na kwa kuwa hajui kitu Roy na Moss wanaamua wamkomoe, wanampa kaboksi keusi kadogo kenye taa nyekundu inayowaka na kuzima wanamwambia hii ndio intaneti yenyewe, huwa inakaa juu ya Big Ben, ule mnara wa saa wa London, tumekuombea kwa wakubwa wa intaneti uionyeshe. Wao wanakaa nyuma wakisubiri ukumbi mzima umcheke. Jen anapanda, anaonyesha boksi, na wale wakubwa wote wenye suti wanaamini. Wanashangaa, wanapiga makofi. Hakuna hata mmoja anayecheka. Sura za wale vijana wawili pale nyuma ni za watu waliogundua kwamba kampuni nzima iko juu ya mabega yao na hakuna anayejua wanafanya nini. Hiyo ni 2008. Mimi nafanya kazi ofisini na nakuhakikishia mhariri hali haijabadilika sana.

Sasa wengi wakisikia hoja yangu wataniletea The Big Bang Theory, ya CBS ya Marekani, 2007 mpaka 2019, episodi 279, wataniambia si hiyo hapo imependwa kuliko hizo zako zote. Kweli imependwa, na Jim Parsons kapata tuzo nne za Emmy kwa kucheza Sheldon, na alistahili. Kwanza wale ni wanafizikia na mainjinia ingawa Bill Prady, mmoja wa waliobuni akiwa na Chuck Lorre, aliwahi kuwa programa na wazo lilitokana na watu aliofanya nao kazi huko. Ila kuna kitu mle ndani kilikuwa kinaniudhi. Mtu anataja jina la mchezo wa kompyuta, watu studio wanacheka. Anataja katuni, wanacheka. Hajasema utani wowote, ametaja tu kitu anachokipenda. Hapo unafundishwa kumcheka mtu kwa kupenda kitu, na mtoto wangu wa kike anayependa hesabu yuko hapo sebuleni anasikiliza.

Lakini stori ya nyuma ya hiyo hiyo komedi inanipa mimi haki. Mwaka 2006 walitengeneza episodi ya majaribio ambayo haikurushwa, jirani wa Sheldon na mwenzake Leonard hakuwa Penny tuliyemzoea, alikuwa binti mwingine mkali, mjanja wa mjini, anawatumia wale vijana. Waliowaonyesha kwa majaribio hawakumpenda yule binti, walikuwa wanawahurumia Sheldon na Leonard, wanataka walindwe, wasionewe. Ikabidi waandike upya ndio akaja Penny, Kaley Cuoco, mwenye roho nzuri. Yaani watazamaji wa kawaida kabisa, si watu wa kompyuta, walishawapenda wale vijana wasiojua kukaa na watu toka siku ya kwanza, wakaanza kuwatetea. Nani tena anasema hawana mvuto? Na watengenezaji walishasema hawakumwandika Sheldon kama mtu mwenye usonji, sawa, lakini nyumba nyingi zina mtoto au ndugu mwenye usonji na zinamuona ndugu yao pale, kwa hiyo mwandishi ajue anacheza na watu wa kweli wenye wazazi wanaotazama.

Jambo lingine nilitaje haraka. Kwa nini mwanamke kwenye hizi komedi ni yule wa kawaida anayeshangaa? Jen hajui kompyuta, Penny hajui fizikia. Mythic Quest ya Apple, iliyoanza 2020, ilijaribu kugeuza, Poppy Li, kacheza Charlotte Nicdao, ndiye injinia mkuu wa kampuni ya michezo ya kompyuta, hajui kuongea na watu, nguo anavaa ilimradi, na episodi ya kwanza nzima anapigania koleo. Koleo tu, la kuchimbia, alilolitengeneza ndani ya mchezo na anataka dunia ijue ni lake, na bosi wake mwenye maneno matamu anataka kuligeuza silaha. Nimetazama nikawaza wasichana ninaowajua mimi walio hivyo hivyo na hawajawahi kujiona kwenye tv.

Nirudi nyumbani sasa maana hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Ofisini kwetu, mimi nipo upande wa uhasibu, kuna kijana programa tunakaa naye chumba kimoja. Akiingia asubuhi anaenda moja kwa moja kwenye kiti. Ukimwambia habari za asubuhi anajibu nzuri, imeisha hiyo, haulizi za nyumbani, haulizi watoto. Kwa Wazungu mtu kama huyo wanamuona mpweke, basi. Kwetu sisi anaonekana ana dharau. Mama mmoja wa masijala alikuwa anasema wazi kwamba huyu mtoto hakulelewa, kisa alipita koridoni akiwa anawaza mambo yake hakutoa shikamoo. Siku moja mchana tuko kwa mama lishe, watu kama wanane kwenye benchi, huyo mama akaanza kulalamika kwamba mfumo wetu wa risiti unawakataa wateja fulani, kila akiingiza jina lao unaganda, na eti wote ni Wasukuma, akawa anauliza kama kompyuta nayo ina ukabila.

Yule kijana akaweka kijiko chini. Akasema, mama, ni kile kikoma cha juu. Cha kwenye ng'. Akachukua karatasi ya kufutia mikono akaanza kuandika, kwamba kompyuta kwenye maagizo yake inaanza jina kwa kikoma na kulimaliza kwa kikoma, sasa ikikutana na Ng' inadhani jina limeisha pale, yaani mteja anaitwa Ng basi, na herufi zilizobaki inazichukulia ni amri, inajaribu kuzitekeleza, haizielewi, inaganda. Akasema aliyeuleta ule mfumo aliununua nje ukiwa hivyo na hakuna aliyewahi kuujaribu kwa jina la Kisukuma. Akaongea kama dakika kumi bila kupumua, mikono inaruka, wali unapoa, akatuambia mtu mwenye nia mbaya anaweza kujiandikisha kwa jina ambalo ni amri ya kufuta wateja wote, na benchi zima tumekufa kwa kicheko, na yule mama wa masijala anacheka mpaka machozi anamwambia sasa mwanangu kumbe unaongea! Akaacha kumuita mtoto asiyelelewa toka siku hiyo. Hatukumcheka yeye. Tulicheka naye kwa sababu alitufungulia kitu kilichokuwa mbele yetu miaka yote.

Hiyo ni episodi nzima, mhariri. Ina kijana asiyejua kusalimia, ina mama anayeumia kwa kutosalimiwa, ina mteja anayenyimwa risiti kwa ajili ya jina alilopewa na babu yake, ina bosi aliyenunua mfumo. Haihitaji chochote cha Marekani. Kwenye komedi zetu tuna mlinzi, tuna mama mkwe, tuna mganga, tuna mchungaji tapeli, tuna dada wa kazi, na nyingine zimeandikwa vizuri sana, Papa Shirandula ya Citizen kule Kenya ilimpa mlinzi wa getini siri, nyumbani wanajua yuko ofisini kumbe yuko getini, na Charles Bukeko, Mungu amrehemu, akaibeba hiyo siri mpaka tukampenda. Mlinzi alipewa siri na hofu na heshima yake ya kulinda. Programa anapotokea kwenye komedi zetu, akitokea, anakuja kutengeneza laptopu ya bosi, ana miwani mikubwa, anaongea Kiingereza kisichoeleweka, watu wanamcheka anaondoka. Na hii ni Afrika Mashariki, sehemu ambayo M-Pesa imekuwepo toka 2007, ambapo bibi kijijini anatumiwa hela kwenye simu, na kila siku kuna watu fulani mahali fulani wamekesha ili hela ya bibi isipotelee njiani. Hatujawahi kuwaona wakiwa wamekesha.

Najua watanijibu kwamba kuandika programu hakupigiki picha, mtu amekaa tu. Kweli amekaa. Hata karani wa mahakama amekaa. Silicon Valley waliutumia ubao, The IT Crowd wakaitumia simu, na sisi tuna benchi la mama lishe, tuna daladala, tuna umeme unaokatika dakika mbili kabla hajahifadhi kazi yake, tuna shangazi anayetaka amrudishie namba ya siri ya simu saa tano usiku kwa sababu si umesoma kompyuta wewe.

Kwa hiyo ombi langu kwa vituo vyetu vya tv na kwa vijana wanaoandika komedi, kabla ya kuandika mstari wa kwanza nendeni mkakae na hao watu kazini kwao mwezi mmoja hivi, mkae nao wakati mfumo umeanguka na simu zinalia, muwaulize wanabishana kuhusu nini, mwandike vile vile wanavyobishana bila kurahisisha, mtazamaji atafuata tu kama anavyofuata kesi ya mahakamani bila kuwa wakili. Na wewe mhariri kwenye kurasa zako za burudani naomba umtume mwandishi wako awaulize watengenezaji wa komedi zetu ni lini mara ya mwisho walimweka programa kwenye stori akiwa na jina lake, kwao na kitu anachokipigania, halafu mtuchapishie majibu yao.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Sinza, Dar es Salaam